Mgombea Akisema "Tutawekeza Katika Utafiti", Muulize Kasma

"Tutawekeza katika utafiti na ubunifu ili kuboresha afya ya wananchi." Sentensi hii, kwa maneno hayo au mengine ya jamii yake, imo katika karibu kila ilani ya uchaguzi. Haimfungi aliyeitoa kwa lolote. Haina kiasi, haina kasma, yaani mstari wa bajeti unaobeba fedha yenyewe, haina mwaka, haitaji taasisi, wala haisemi fedha zitatoka wapi. Mtu anaweza kuingia madarakani nayo, akapunguza bajeti ya maabara za taifa kwa robo nzima, na uchaguzi ujao akasimama tena jukwaani kusema aliwekeza.

Kumuuliza mgombea kama anaunga mkono utafiti, basi, ni kutwanga maji kwenye kinu. Wote watasema ndiyo. Misimamo yao hutofautiana kweli, tena sana, ila tofauti zenyewe zimejificha katika mambo machache ya kibajeti na kisheria: asilimia ya nini, fedha ya hatua gani, kwa kasi gani, na nani atachagua cha kutafiti. Anayeyajua haya anaweza kumpima mgombea wa nchi yoyote kwa saa moja tu, akiwa na ilani mkono mmoja na kitabu cha bajeti mkono wa pili.

Asilimia ya nini?

Ahadi inayopendwa kuliko zote ni ile ya asilimia ya pato la taifa. Inasikika kubwa na ni rahisi kuikumbuka. Mwaka 2002, mjini Barcelona, viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kufikisha matumizi ya utafiti na maendeleo asilimia 3 ya pato la taifa ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika ukapita, na zaidi ya miaka kumi baada yake wastani wa Umoja ulikuwa bado ukizunguka asilimia 2.2. Viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa Januari 2007, walirudia lengo la asilimia 1, na nchi nyingi za bara hazijafika hata nusu yake. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013 inautaja Mfuko wa Taifa wa Utafiti kuwa wa kupewa asilimia 2 ya pato la taifa. Mfuko huo haujawahi kuona kiasi kinachokaribia hapo, ingawa sheria imo vitabuni.

Tatizo la kwanza la asilimia hii ni kwamba inajumlisha fedha ambazo serikali haizitoi. Takwimu za kimataifa hufuata Mwongozo wa Frascati, ambao nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, zilianza kuuandaa mwaka 1963, na jumla yake huchanganya serikali, vyuo, mashirika yasiyo ya faida na kampuni binafsi. Katika lile lengo la Barcelona, theluthi mbili zilitarajiwa kutoka kwa kampuni. Kwa hiyo mgombea anayeahidi asilimia 3 anaahidi kwa sehemu kubwa fedha za watu wengine. Kampuni za dawa zikihamisha maabara, lengo linaanguka bila yeye kugusa chochote. Zikiongeza matumizi, atajisifu kwa kazi isiyo yake.

Tatizo la pili ni kipimo chenyewe. Uingereza ilijiwekea asilimia 2.4 ifikapo 2027. Kwa takwimu za wakati huo nchi ilikuwa kwenye 1.7 hivi, na watu waliandika kurasa na kurasa kuhusu namna ya kuziba pengo. Mwaka 2022 idara ya takwimu ilirekebisha namna ya kuzihesabu kampuni ndogo, na ikabainika kwamba lengo lilikuwa limeshapitwa. Marekebisho yale yalikuwa sahihi kitaalamu, lakini hakuna maabara iliyopata hata bomba moja la kioo zaidi.

Kwa hiyo, anayetaja asilimia ya pato la taifa aombwe kitu kimoja tu: kiasi ambacho serikali yenyewe itatoa, kwa fedha ya nchi, katika mwaka wa fedha unaotajwa, kulinganisha na kiasi cha sasa. Asipoweza, hana mpango.

Kwa upande wa afya kuna mtego wake wa pekee. Azimio la Abuja la 2001 linadai asilimia 15 ya bajeti ya serikali iende kwenye afya, na wagombea hulitaja kila wanapoulizwa kuhusu utafiti wa tiba. Asilimia hizo 15 zinabeba mishahara ya wauguzi, majengo, dawa na magari ya wagonjwa. Nchi inaweza kuzifikisha zote bila kutoa senti kwa utafiti. Lengo la utafiti wa afya ni jingine: wito wa Bamako wa 2008 ulizitaka serikali zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa ajili hiyo. Mgombea akiulizwa habari za Bamako akajibu habari za Abuja, ama hajui tofauti ama anategemea wewe usiijue.

Iliyotangazwa, iliyoidhinishwa, iliyotoka

Kiasi kilichosemwa jukwaani hupita milango kadhaa kabla ya kuwa kitendanishi, yaani kemikali ya maabara, mezani kwa mtafiti, na kila mlango una mwenye ufunguo wake. Serikali hupendekeza. Bunge huidhinisha. Hazina hutoa. Taasisi hutangaza mashindano ya ruzuku, hupokea maandiko ya miradi, huyachambua na kusaini mikataba. Mgombea urais na mgombea ubunge hawashiki funguo zilezile, kwa hiyo swali la mmoja si swali la mwingine.

Marekani inaonyesha hili waziwazi kuliko nchi nyingine. Kwa mwaka wa fedha 2018 Rais Donald Trump alipendekeza Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zipunguziwe dola bilioni kadhaa, zishuke hadi karibu bilioni 27. Bunge la Congress, likiwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, lilifanya kinyume: liliongeza bilioni 3, jumla ikafika bilioni 37. Aliyepiga kura kwa kuangalia mgombea urais tu hakuwaona watu waliokuwa wakiamua. Katika mifumo mingi ya kibunge hali ni tofauti, kwa sababu mbunge wa kawaida hana uwezo wa kuongeza matumizi kuliko serikali ilivyoomba; huko anayefaa kubanwa ni chama na waziri wake wa fedha mtarajiwa.

Ndani ya bunge lenyewe kuna mlango unaowapotosha hata waandishi wa habari. Sheria inaweza kuruhusu kiasi fulani kitumike bila kukitoa. Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria ya chipu na sayansi iliyoruhusu Wakfu wa Taifa wa Sayansi kupewa takriban dola bilioni 15.6 kwa mwaka 2024. Vichwa vya habari vilishangilia. Bajeti halisi ya 2024 ilipopitishwa, wakfu ulipata bilioni 9 na ushei, pungufu hata ya mwaka uliotangulia. Wabunge waliopigia kura sheria ya kwanza wanaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba waliunga mkono sayansi. Wewe tafuta walivyopiga kura ya pili.

Halafu kuna kufungia. Brazili ina mfuko wa taifa wa maendeleo ya sayansi na teknolojia, FNDCT, wenye mapato yake ya kisheria. Kwa miaka mingi fedha zilikusanywa, zikaandikwa kwenye bajeti, kisha zikazuiwa hazina ili mizania ya serikali ipendeze. Ilibidi ipite sheria mahususi, Januari 2021, kukataza zuio hilo. Ndiyo maana kumpima mgombea ambaye amewahi kuwa serikalini kwahitaji safu ya mwisho ya kitabu cha bajeti, ile ya matumizi halisi. Fungua fungu la taasisi ya utafiti, shuka hadi kasma yenyewe, linganisha kilichoidhinishwa na kilichotolewa kwa miaka mitatu mfululizo. Kama zaidi ya robo haikutoka kila mwaka, ahadi ya kuongeza kinachoidhinishwa haina uzito. Mtu huyo aulizwe kwanza kuhusu utoaji.

Tazama pia aina ya fedha. Ikiwa mwaka mzima kilichotoka ni mishahara na ulinzi wa majengo, taasisi ipo lakini utafiti haupo. Watafiti wanalipwa kukaa. Kasma za kuangalia ni za vifaa vya maabara, safari za ukusanyaji wa takwimu na ruzuku za ushindani, na mara nyingi ziko kwenye bajeti ya maendeleo, ambayo ndiyo ya kwanza kukatwa makusanyo yakiyumba.

Kuchelewa nako ni kupunguza. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, lakini bajeti ile ya 2018 ilisainiwa Machi. Katika miezi ya kusubiri, NIH kwa kawaida hulipa ruzuku zinazoendelea kwa asilimia 90 ya kiasi kilichoahidiwa. Maabara yenye watu kumi inakosa mshahara wa mmoja, na haijui kama utarudi. Shughuli za serikali zilipofungwa kabisa Oktoba 2013, hospitali ya utafiti ya NIH ililazimika kuwaacha nje wagonjwa wapya wapatao 200 kwa wiki, 30 hivi kati yao watoto, waliokuwa waingie kwenye majaribio ya tiba. Wabunge walioshiriki katika mgogoro ule hawakuwa wakibishana kuhusu utafiti wa afya hata kidogo. Mgombea anayetumia bajeti kama silaha ya ugomvi mwingine anapaswa kuulizwa habari za watoto hao.

Mfumuko wa bei

Hesabu ni fupi. Bajeti ya 100 ikipanda hadi 110 katika miaka miwili, huku bei zikipanda asilimia 8 kila mwaka, gawanya 110 kwa 1.1664. Unapata 94.3. Mgombea atasema ameongeza asilimia 10, na mtafiti amepoteza karibu asilimia 6. Kwa nchi zinazoagiza vitendanishi, mashine na vipuri kutoka nje, mfumuko wa ndani hautoshi. Pima pia thamani ya sarafu, kwa kuwa enzaimu na vichujio hulipiwa kwa dola au yuro.

Argentina ilipitisha mwaka 2021 sheria nzuri sana ya kugharimia sayansi, iliyopanga kupandisha mchango wa serikali hatua kwa hatua kutoka asilimia 0.28 ya pato la taifa hadi asilimia 1 mwaka 2032. Katika kampeni za 2023 mgombea urais Javier Milei alisema wazi kwamba angeifunga CONICET, baraza la taifa la utafiti, au kuiacha kwa sekta binafsi. Alipoingia madarakani Desemba hiyo, wizara ya sayansi ilifutwa kama wizara. Lakini pigo kubwa zaidi halikuhitaji kufuta kitu: bajeti ya 2023 iliendelezwa kwa 2024, katika nchi iliyomaliza 2023 na mfumuko wa asilimia 211.4. Tarakimu zilibaki palepale, na kwa hiyo fedha iliyeyuka. Milei alisema alichokusudia, na kwa hilo wapiga kura walikuwa na taarifa. Wengi hufanya jambo hilohilo kwa kipimo kidogo bila kulisema.

Hata nchi tajiri hazisalimiki. Tangu 1999 ruzuku kuu ya NIH kwa mtafiti mmoja, kwa utaratibu wake rahisi wa maombi, ina ukomo wa dola 250,000 kwa mwaka za gharama za moja kwa moja. Ukomo huo haujabadilishwa. Mtafiti wa leo anaajiri watu wachache kwa kiasi kilekile.

Mvua ya siku moja

Hapa ndipo wagombea wenye nia njema hukosea zaidi. Wengi wanaoipenda sayansi wanadhani ahadi bora ni ahadi kubwa: tutaongeza maradufu. Tazama kinachotokea ndani.

Chukua mfuko wenye 100 kwa mwaka. Kila ruzuku inagharimu 1 kwa mwaka na inadumu miaka mitano. Kwa hali ya utulivu kuna ruzuku 100 hai. Kila mwaka 20 zinaisha na 20 mpya zinaanza. Sasa bajeti inapanda ghafla hadi 200 na kubaki hapo. Mwaka wa kwanza kuna 80 zinazoendelea, kwa hiyo nafasi mpya ni 120. Shangwe kila mahali. Vyuo vinajenga maabara, vinaajiri, vinasajili wanafunzi wa uzamivu. Mwaka wa pili zinazoendelea ni 180. Nafasi mpya ni 20. Mwaka wa tatu 20, wa nne 20, wa tano 20. Mwaka wa sita zile 120 zinaisha kwa mkupuo na mlango unafunguka tena. Fedha imekuwa maradufu kwa miaka yote, lakini aliyemaliza masomo mwaka wa pili anakuta nafasi zilezile 20 za zamani, na waombaji wameongezeka.

Marekani ilipitia hayo, ingawa kwa hatua za miaka mitano. Bajeti ya NIH ilipandishwa kutoka dola bilioni 13.6 hivi mwaka 1998 hadi karibu bilioni 27 mwaka 2003, kwa makubaliano ya vyama vyote viwili, George W. Bush aliahidi katika kampeni ya 2000 kuikamilisha kazi hiyo, na aliitimiza. Kisha nyongeza zikawa chini ya mfumuko wa bei za utafiti wa tiba. Kufikia 2013, baada ya makato ya jumla ya asilimia 5 mwaka huo, uwezo wa kununua ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 20. Maombi yaliongezeka karibu maradufu, na uwezekano wa kufanikiwa ukaanguka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 20. Kizazi kizima kilichovutwa na fedha ya 2000 kilifika mlangoni ukifungwa.

Kwa maoni yangu, mgombea anayeahidi nyongeza ya kufidia mfumuko wa bei pamoja na asilimia 2 au 3 juu yake, kila mwaka wa muhula wake, anastahili imani kuliko anayeahidi maradufu. Ahadi hiyo haipigiwi vigelegele. Lakini inamwezesha mkuu wa maabara kumwambia mwanafunzi kwamba mradi wake wa miaka minne utalipwa yote minne. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa 1987 na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Hakuna muhula wa urais unaofunika miaka 34. Hata ile kasi ya chanjo za korona mwaka 2020, iliyoonekana kama muujiza, ilisimama juu ya kazi ya wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman iliyochapishwa 2005 kuhusu mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na juu ya miaka ya utafiti wa protini za virusi katika kituo cha chanjo cha NIH.

Kupunguza ghafla kuna hesabu yake vilevile, nayo ni katili zaidi. Ruzuku zilizosainiwa zina mikataba, kwa hiyo makato hutua karibu yote juu ya ruzuku mpya. Kwa mfuko ule wetu wa 100, punguzo la asilimia 15 halipunguzi ruzuku mpya kwa asilimia 15. Linabakiza 5 kati ya 20. Wanaoumia kwanza ni vijana, kwa kuwa wakubwa wana mikataba inayoendelea. Korea Kusini ilipunguza bajeti ya utafiti ya 2024 kwa kiasi cha kukaribia hicho, punguzo la kwanza baada ya miongo mitatu, na serikali iliyofanya hivyo ikalazimika kuirudisha kwa sehemu kubwa mwaka uliofuata.

Kurudisha fedha hakurudishi kilichokufa. Sampuli za damu hukaa kwenye friza za nyuzi hasi 80, na seli kwenye nitrojeni kimiminika ya nyuzi hasi 196. Umeme na nitrojeni visipolipiwa, miaka ishirini ya ukusanyaji inaweza kuharibika kwa muda mfupi. Uzao wa panya wa maabara ukikatwa, kuuanzisha upya huchukua mwaka au zaidi. Utafiti wa kufuatilia watu wale wale kwa miaka ukiruka awamu moja, pengo hilo halizibiki, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi kupima presha ya mtu ya miaka mitatu iliyopita. Utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948 na uliotufundisha mengi kuhusu presha, lehemu na sigara, ulinyimwa fedha za serikali mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaokolewa na michango ya watu binafsi.

Nani anachagua, na nini kimekatazwa

Jumla ya fedha inaweza kupanda huku uwanja mzima ukifungwa. Mwaka 1996 Congress iliweka kifungu kilichozuia kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kutumia fedha kutetea udhibiti wa bunduki, na ikaondoa dola milioni 2.6, kiasi kilekile kituo kilichokuwa kimetumia kwa utafiti wa majeraha ya risasi. Maneno ya sheria hayakukataza utafiti. Hofu ilifanya kazi iliyobaki, na fedha mahususi hazikurudi hadi bajeti ya 2020, milioni 25 zilizogawanywa kati ya CDC na NIH. Agosti 2001 Rais Bush, yuleyule aliyekuwa akiikamilisha nyongeza ya NIH, aliweka mpaka kwamba fedha za shirikisho zitumike tu kwa seli shina za viinitete zilizokuwa tayari zimetengwa. Barack Obama aliuondoa Machi 2009. California haikusubiri: Novemba 2004 wapiga kura wake waliidhinisha dola bilioni 3 za hatifungani kwa utafiti huohuo.

Kwa hiyo uliza: kuna somo lolote ambalo fedha za umma hazitalitafiti chini yako? Jibu la uaminifu linaweza kuwa ndiyo, na mgombea ana haki ya kuwa na msimamo wa kimaadili. Anachopaswa kufanya ni kuutaja kabla ya kura. Swali pacha ni la nani huchagua miradi. Uingereza ina kanuni ya Haldane, inayohesabiwa tangu 1918 na kuingizwa katika sheria ya 2017, kwamba uamuzi kuhusu andiko moja moja ni wa watafiti wenzao, na waziri anabaki na mwelekeo mpana. Mgombea anayesema "tutagharimia utafiti unaoleta faida kwa wananchi" aulizwe nani atapima faida hiyo, na lini. Ikiwa ni ofisi yake, kila mwaka, basi utafiti wa msingi umeshakufa.

Njia ya kificho kabisa ni gharama za uendeshaji. Ruzuku hulipa mishahara na vitendanishi. Umeme, kamati ya maadili, uhasibu, utunzaji wa wanyama na utupaji wa taka hatarishi hulipwa kwa nyongeza inayokwenda kwa taasisi. Marekani ilikuwa ikikubaliana kiwango na kila taasisi, na vingine vilizidi nusu ya gharama za moja kwa moja. Februari 2025 NIH ilitangaza kiwango kimoja cha asilimia 15 kwa wote, na mahakama ya shirikisho ikakizuia. Mgombea anaweza kuita hatua kama hiyo kupunguza urasimu, na kweli kuna urasimu wa kupunguza. Basi aseme nani atalipa bili ya friza.

Kuliandika swali

Chanzo cha fedha nacho kiulizwe. Australia ilipotangaza mfuko wake wa utafiti wa tiba katika bajeti ya Mei 2014, iliufunga na ada ya dola 7 za Australia kwa kila mgonjwa anayemwona daktari. Ada ilikataliwa na ikaachwa Machi 2015. Mfuko ulinusurika kwa kukatwa fedha nyingine za afya, ukafika lengo lake la dola bilioni 20 mwaka 2020. Uliishia vizuri, lakini miezi kumi ile watafiti walikuwa wamefungwa pamoja na kodi isiyopendwa na mtu.

Majibu ya mdomo kwenye mdahalo hayafai kwa mambo haya. Mwaka 2008 juhudi za wanasayansi wa Marekani za kupata mdahalo wa sayansi kati ya wagombea hazikuzaa mdahalo wenyewe, lakini Obama na John McCain walijibu kwa maandishi maswali 14. Maandishi ni bora: yanaandaliwa na washauri wanaojua tarakimu, na yanaweza kutolewa mezani miaka mitatu baadaye. Peleka maswali mapema, ilani ikiwa bado inaandikwa, yasizidi sita, kila moja likitaja kasma kwa jina na kiasi chake cha sasa. "Fungu hili lilipewa kiasi hiki na likatolewa kiasi hiki mwaka uliopita, litakuwa kiasi gani mwaka wako wa pili?" Swali la namna hiyo halijibiki kwa "tutawekeza". Ujumlishaji ukatae pia: anayesema bilioni 10 katika miaka kumi agawanye kwa mwaka, aondoe zilizokuwepo tayari, aondoe misamaha ya kodi ya kampuni. Kinachobaki ndicho kipya.

Nimeandika mwaka wa pili kwa makusudi. Bajeti ambayo kiongozi mpya anaikuta imeandikwa na aliyemtangulia, na inayofuata huandaliwa huku mawaziri bado wanatafuta ofisi zao. Ya pili ndiyo yake, tangu mwongozo wa hazina hadi kura ya mwisho bungeni. Hifadhi majibu ya maandishi hadi kitabu hicho kitoke, fungua fungu la taasisi, shuka kwenye kasma, gawanya kwa mfumuko wa bei, kisha mwandikie mbunge wako kabla kamati haijamaliza kusikiliza maoni.